Betri za seva zimechoka, na muuzaji ni shemeji yangu

Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, nimeolewa, nina mtoto mmoja. Nafanya kazi katika chama cha akiba na mikopo hapa Busia, upande wa Uganda. Wanachama wetu wengi ni watu wa soko na wa mpakani: wauza mahindi, wauza dagaa, vijana wa boda, akina mama wanaovusha nguo. Kompyuta zote za chama ziko mikononi mwangu, na hasa seva mbili zinazobeba akaunti za wanachama. Sina msaidizi.

Seva hizo zinalindwa na UPS moja ya kVA 3, yaani mtambo wa betri unaozishikilia stima ikikatika, iliyonunuliwa mwaka 2017. Ndani yake mna betri sita, kila moja volti 12, ampea-saa 9. Zilizomo sasa ziliwekwa Aprili 2021, mwaka wangu wa kwanza kazini. Karatasi ya tarehe niliibandika mwenyewe. Chumba ni kidogo, zamani kilikuwa stoo. Kiyoyozi kipo, lakini meneja huagiza kizimwe Ijumaa jioni ili tokeni za Yaka, stima yetu ya kulipia kabla, zisiishe upesi. Jumatatu nikifungua mlango, joto linanipiga usoni kama la jikoni. Kipimajoto nilichotundika ukutani kimewahi kufika nyuzi 34.

Sasa nikueleze kilichotokea. Jumanne moja ya Agosti mwaka 2025 ilinyesha mvua kubwa yenye radi, stima ikakatika kama saa nane mchana. Sikushtuka. Kioo cha UPS kilionyesha betri zimejaa, asilimia 100, na kwamba zitadumu dakika 24. Askari alikimbilia jenereta, kumbe ufunguo alikuwa nao mtu aliyekwenda kula. Dakika ya sita UPS ikatoa mlio mmoja mrefu, kisha chumba chote kikanyamaza. Shangazi, ule ukimya sijui niuelezeje. Feni zote zilisimama kwa pamoja.

Stima iliporudi, hifadhidata ilikataa kufunguka. Jedwali la mikopo lilikuwa limeharibika. Nilikaa mpaka saa saba za usiku nikirudisha nakala rudufu ya jana yake, halafu nikaingiza upya miamala ya siku nzima kutoka kwenye stakabadhi za karatasi. Stakabadhi tatu hazikuonekana. Kesho yake mama mmoja muuza dagaa akaja kutoa pesa za ada ya mtoto, akaambiwa salio halitoshi. Karatasi yake yenye mhuri alikuwa nayo, ameifunga kwenye pindo la leso. Alikaa kwenye benchi tangu saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana, ndipo tukaiona nakala yetu. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Binti, pesa zangu zilikuwa zimekwenda wapi?"

Nami katika daftari la matukio niliandika hivi: "Stima ilikatika, jenereta ilichelewa." Sikuandika kwamba UPS ilikaa dakika sita badala ya 24. Askari akapewa barua ya onyo.

Kwa nini nilinyamaza? Kaka wa mume wangu ana duka la betri na sola papa hapa mjini. Ofisini wote wanamjua. Tangu mwaka jana ananiambia, "Shemeji, zile betri za kazini bado tu? Niambie siku." Mama mkwe naye amenikumbusha mara mbili kwamba damu ni nzito kuliko maji. Nikisema betri zimekufa, watasema nimemtafutia shemeji biashara nami nimekula humo. Wapo wanaosubiri hilo kwa hamu.

Mweka hazina wetu ni mzee ninayemheshimu kama baba. Mwezi Juni nilipogusia habari za betri alinijibu, "Binti yangu, taa si ya kijani? Mbona unazika kitu ambacho hakijafa?" Akasema pia kwamba bwawa la Karuma limekamilika, stima sasa ni nyingi, betri za nini tena. Waliokuwepo zamani wananiambia kwamba mwishoni mwa 2019 alisaini ununuzi wa betri ambazo hazikumaliza miezi 15, akasemwa sana kwenye mkutano mkuu. Mwenyekiti kwa upande wake anataka litiamu, "tusahau jambo hili miaka kumi," na bei aliyoletewa inazidi mara tatu ya betri za kawaida. Fundi mmoja jirani anasema atatuunganishia betri za gari nje ya UPS kwa bei ya chini kuliko wote.

Nibadilishe sasa? Nisubiri? Twende litiamu? Na zile dakika sita nizitaje, au yaliyopita yamepita? Usiku radi ikipiga ninaamka na kukaa kitandani.

Mwoga wa radi, Busia

*

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza habari za betri, lakini sehemu ya barua yako iliyonikaa moyoni ni ile ya mama wa dagaa na askari. Naona una mizigo miwili umeifunga kwa kamba moja. Mmoja ni wa mtambo: betri za miaka minne na ushei, chumba chenye joto, na kioo kilichosema dakika 24 zikawa sita. Wa pili ni wa watu: shemeji, mzee, askari, na neno ulilolibana. Kwa kuwa imefungwa pamoja, kila ukitaka kuinua mmoja unajikuta umebeba yote. Niruhusu nifungue fundo tuitazame mmoja mmoja. Kabla sijaanza kujibu barua nilifanya kazi miaka mingi kwenye vyumba vya seva Kampala, kwa hiyo tuanze na ule wa mtambo.

Taa ya kijani haikukudanganya. Ilijibu swali ambalo si lako. UPS inapojipima yenyewe, hutumia betri kwa sekunde chache tu, ikaona volti hazikuanguka, ikawasha kijani. Betri iliyochoka inaweza kushika volti 13.6 ikiwa kwenye chaji, sawasawa na mpya, na bado ndani ikawa haina kitu. Fikiria jerikani lililojaa mchanga hadi katikati. Ukilitia maji litajaa mpaka mdomoni, na ukiulizwa utasema limejaa, nalo kweli limejaa. Lakini maji ya kunywa ni nusu. Asilimia 100 uliyoisoma ilikuwa ya kilichobaki. Zile dakika 24 nazo UPS ilizikokotoa kwa kutazama mzigo na uwezo ambao inaamini betri zinao, na imani hiyo haibadiliki mpaka betri zitumike kwa kina UPS ikiangalia, ndipo ijisahihishe.

Kuna jambo jingine. Betri zako sita zimeunganishwa kwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine, kufanya volti 72. Kwenye mfululizo, dhaifu mmoja huwaangusha wote. Inawezekana tano bado zina nguvu za wastani na moja tu imekufa kabisa, UPS ikaona jumla ya volti imeporomoka ikazima. Kwa hiyo unapoandika kwamba "betri zimekufa", nakuuliza kwa upole: zote? Na ulijuaje? Hebu pia katazame nyuma ya UPS. Je, kuna mtu aliyechomeka printa ya leza humo? Printa ya aina hiyo inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na nimeona ofisi zikilaumu betri kumbe mkosaji ni printa ya mhasibu. Tunao ushahidi wa siku moja tu, na siku hiyo ilikuwa ya fujo.

Pamoja na hayo, sitakuficha ninachokiona katika hesabu. Betri za risasi zilizozibwa, hizi zinazotiwa kwenye UPS nyingi, hutengenezwa kudumu miaka mitatu hadi mitano zikikaa kwenye nyuzi 20 hadi 25. Zipo za bei kubwa zaidi zinazotengenezwa kudumu miaka 10, lakini mara nyingi hizo si za ukubwa wako. Joto likizidi kwa nyuzi 8 hadi 10 juu ya 25, umri hukatika karibu nusu. Chumba chako hufika 34 mwisho wa juma. Mafundi huihesabu betri kuwa imemaliza kazi uwezo wake ukishuka hadi asilimia 80 ya ule wa awali. Si kwamba asilimia 80 haifai kitu, bali baada ya hapo mteremko huwa mkali. Betri iliyochukua miaka mitatu kushuka hadi 80 inaweza kuchukua miezi michache kushuka hadi 30. Dakika sita za Agosti huenda leo ni tatu.

Sasa, kabla ya kuchagua, nakuuliza swali ambalo ofisi nyingi hazijiulizi: chama kinahitaji dakika ngapi? Umeziandika 24 kana kwamba ni haki yenu. Betri za UPS kazi yake ni kuvusha seva mpaka jenereta iwake, au kuzipa nafasi ya kujizima kwa utaratibu. Kilichoharibu jedwali la mikopo si upungufu wa dakika peke yake. Seva zilikatwa katikati ya kuandika. Kama UPS ingekuwa imeunganishwa na seva kwa waya wake wa USB, na programu ikiwa tayari, ingeziambia seva zijizime betri zikiwa bado na nguvu. Programu hiyo ipo ya bure, inaitwa Network UPS Tools, na UPS nyingi zinaelewana nayo. Ungeipanga ianze kuzima baada ya dakika mbili bila stima. Wanachama wangesubiri nusu saa dirishani, jambo ambalo si zuri, lakini mama wa dagaa angekuta pesa zake mahali alipoziacha.

Hilo halikugharimu shilingi na halihitaji saini ya mzee. Vilevile ufunguo wa jenereta kuwa na msumari wake ukutani. Sisemi yamalize shida. Yanakununulia muda wa kufikiri bila kuamshwa na radi.

Kuhusu kupima. Chagua Jumapili. Chukua nakala rudufu kamili, na uijaribu kwenye mashine nyingine uone inafunguka, kwa maana nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu. Zima seva kwa utaratibu, zichomoe kwenye UPS, na badala yake chomeka mzigo usio na thamani. Zamani tulitumia balbu za waya za wati 100. Siku hizi ni adimu, lakini wafuga kuku wana zile taa nyekundu za kulelea vifaranga, na nyingi ni za wati 250. Taa tatu ni wati 750. Nakisia seva zako mbili na vifaa vya mtandao vinakaribia hapo. Kioo cha UPS kitakuambia mzigo wako halisi. Kisha zima stima ya ukutani, mtu ashike saa. Fundi wa stima mwenye ujuzi apime volti za kila betri zikiwa kazini, kila dakika. Nzima hukaa karibu na 12 kwa muda. Mgonjwa hujitaja mapema: wenzake wako kwenye 11.8, yeye ameshafika chini ya 10.5.

Na anayeshika saa, mwanangu, kwa nini asiwe mweka hazina mwenyewe? Walete na watu wawili wa kamati ya usimamizi. Leo hii habari ya betri ni neno lako dhidi ya taa ya kijani. Jumapili ile itakuwa kitu walichokiona wote kwa macho yao, kikiwa na sahihi zao chini ya karatasi.

Ukimaliza kupima utakuwa na njia kadhaa mbele yako, na kila moja ina mashaka yake.

Kubadilisha zote sita ndiyo njia iliyonyooka. Mashaka yake ni mawili. Dukani, betri inayoitwa mpya huenda imekaa kabatini mwaka mzima bila kuchajiwa, nayo huzeeka humo humo. Soma tarehe ya kiwandani, na pima volti kabla hujalipa: 12.6 na zaidi nachukua, chini ya 12.5 naiacha. Ipime na uzito pia. Betri ya kweli ya ampea-saa 9 ni karibu kilo 2.5, ukiikuta nyepesi sana, risasi iliyomo ni haba. Shaka la pili ni lile joto. Ukiweka betri mpya katika chumba kilekile na kiyoyozi kilekile cha kuzimwa Ijumaa, zitapikwa kama hizi. Mpelekee meneja hesabu ya tokeni za wikendi upande mmoja na bei ya betri sita upande wa pili. Huenda feni ya kutoa hewa yenye saa ya kujiwasha ingetosha. Sijui, sijakiona chumba. Lakini hesabu hiyo sidhani kama kuna aliyekwisha kuifanya.

Kubadilisha ile moja mbovu tu, ikiwa ni moja, kutamfurahisha sana mzee. Niliwahi kufanya hivyo. Mwaka ule ofisi niliyokuwa nayo haikuwa na pesa, nikatoa betri moja kati ya nane nikaweka mpya, nikajiona mwerevu. Betri za zamani hazichaji sawa na mpya. Mpya ikawa inazidishiwa chaji huku wenzake wakipungukiwa. Haikupita miezi saba nikapoteza ile mpya na nyingine mbili juu yake. Wapo waliofanya hivyo wakapona, hasa betri zote zikiwa bado changa. Zako zina miaka zaidi ya minne.

Mwenyekiti na litiamu yake hajakosea jambo la msingi. Betri za litiamu za fosfati ya chuma huishi miaka minane, kumi, hata zaidi, ni nyepesi, na joto huzisumbua kidogo kuliko za risasi. Lakini UPS yenu ni ya 2017 na chaja yake ilitengenezwa kwa betri za risasi. Litiamu ina bodi yake ya ulinzi ndani. Ikikutana na chaja isiyoelewana nayo, inaweza kujikata ghafla bila kuipa UPS onyo, na hapo utarudi kwenye ukimya uleule. Waulize waliotengeneza UPS kama mashine yenu inakubali. Na swali kubwa zaidi ni hili: UPS yenyewe ina miaka minane. Feni na kapasita zake nazo zinazeeka. Kuweka betri ya miaka kumi ndani ya mashine ambayo huenda imebakiza miwili kunanitia wasiwasi. Mkipanga kununua UPS mpya mwakani au mwaka wa pili wake, wazo la mwenyekiti litakuwa na uzito ambao leo halina. Mwambie hivyo, si kukataliwa, ni kupangiwa wakati.

Betri za gari naziogopa, na hapa sizungushi maneno. Zimetengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache, si kunyonywa hadi chini. Zile za maji hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka, na chumba chako hakina hewa. Juu ya hapo, chaja ndogo ya UPS ingehitaji siku kadhaa kuzijaza tena baada ya kukatika mara moja, na msimu wa mvua haukupi siku hizo.

Kusubiri nako ni njia, hasa kama waya wa USB utakuwa kazini. Ila kuna mahali kusubiri kunakoma. Ukiona ubavu wa betri umevimba, au ukisikia harufu kama ya yai viza, hapo si suala la mwaka wa bajeti tena. Mwite fundi siku hiyohiyo.

Mzee wako na Karuma: ni kweli bwawa lile lina megawati 600, na mwaka 2024 lilipozinduliwa wengi tulifurahi. Lakini mti ukiangukia waya kati ya kituo na soko la Busia, wingi wa maji Karuma hauusaidii waya huo. Radi za ukanda huu wa Ziwa Victoria unazijua kuliko mimi. Sidhani hata hivyo kama ni Karuma inayomfanya akatae. Nadhani ni 2019. Alisaini, zikafa, akasimamishwa mbele ya watu. Umewahi kumuuliza ilikuwaje? Betri zilizowekwa mwishoni mwa 2019 ziliingia moja kwa moja kwenye mwaka wa korona. Machi 2020 nchi ilifungwa, na ofisi nyingi zilizima mitambo au zikafanya kazi nusu. Betri ya risasi ikiachwa bila chaji miezi kadhaa kwenye joto, hujenga ukoko ndani yake na hairudi tena kuwa ilivyokuwa. Huenda ndivyo ilivyokuwa kwenu. Kama ni hivyo, mzee amebeba miaka yote hii lawama isiyokuwa yake, na wewe ndiwe mtu wa kwanza anayeweza kumweleza.

Shemeji sasa. Umeandika kana kwamba ukisema betri zimechoka, umekwisha kumpa biashara. Hayo ni mambo mawili. Kupima ni kazi yako. Kununua kunaweza kuwa kwa wengine. Unaweza kumwandikia meneja barua fupi kwamba muuzaji mmoja mjini ni ndugu wa mume wako, na kwamba huketi kwenye kikao cha kuchagua. Baada ya hapo, shemeji anaweza kuleta bei yake kama wenzake, akashinda au akashindwa mikononi mwa watu wengine. Wabaya wako bado watanong'ona, lakini barua itakuwa imewatangulia. Au unaweza kumwomba asilete bei kabisa. Ofisini utapumua, nyumbani pengine chakula cha Jumapili kitakuwa kichungu kwa muda. Ukifika kwa mama mkwe, unaweza kumwambia kwamba mwanawe akishinda kwa bei yake mwenyewe hakuna wa kumsema, ila ukimbeba wewe, jina la duka ndilo litakalochafuka kwanza. Mume wako anasemaje? Katika barua yako yote hajatoa neno hata moja, na ndiye aliye katikati yenu.

Usisahau betri kuukuu. Risasi iliyomo inauzika, kwa hiyo nazo ziandikwe zimekwenda wapi na kwa shilingi ngapi, maana hapo napo maneno huanzia. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanaozivunja kwa nyundo pembeni ya makazi wasizipate. Risasi ikiingia kwenye udongo wanaochezea watoto, inadhuru akili zao. Muuzaji mkubwa huzichukua, na NEMA, mamlaka ya mazingira, hutoa leseni kwa wasafirishaji wa taka za aina hiyo.

Nimeziacha zile dakika sita mpaka sasa kwa sababu nataka kuzisema polepole. Ulichoandika kwenye daftari si uongo. Jenereta ilichelewa kweli. Lakini ni nusu, na ile nusu nyingine imemwangukia askari, ambaye ufunguo hata haukuwa kwake. Ukiinyoosha, huenda barua ya onyo ikaja kwako, na wanaosubiri wakapata la kusema. Sitalipunguza hilo, kazi ni kazi na mtoto anakula. Ukiacha, itabidi upite getini kila asubuhi mbele ya mtu huyo. Fahamu pia kwamba UPS nyingi hutunza kumbukumbu za matukio yake. Siku fundi mwingine atakapozisoma, atakuta tarehe ya Agosti na muda betri zilipoishia.

Pengine si lazima uchague kati ya kukiri kwa kishindo na kunyamaza. Wapo wanaofungua ukurasa mpya wenye tarehe ya leo bila kugusa ule wa zamani: "Nyongeza ya tukio la Agosti: UPS ilidumu dakika 6, makadirio yalikuwa 24, naomba betri zipimwe." Ukurasa huo waweza kuwa ndiyo sababu ya ile Jumapili. Au waweza kwenda kwa meneja kwanza, mlango ukiwa umefungwa, umweleze kwa mdomo, hasa habari ya askari. Wewe unamjua, mimi simjui. Na kama unaona huwezi kwa sasa, basi waya wa USB na msumari wa ufunguo vinaweza kutangulia, ukapata usingizi kidogo, kisha ukalitazama tena jambo hili ukiwa umepumzika. Mtu aliyelala huona mengi ambayo mwenye macho mekundu hayaoni.

Niandikie baada ya kupima. Nataka kujua ni betri ya ngapi iliyoanguka kwanza. Na siku hiyo, hata kama kazi yako itakuwa kumshikia fundi tochi tu, kabla hajafungua kifuniko vua saa na vua pete ya ndoa uitie mfukoni. Betri sita zikiwa kwenye chaji ni zaidi ya volti 80, na katika UPS nyingi nyaya zake hazijatenganishwa na stima ya ukutani.

Shangazi yako